Kapata: Miche ya okidi kutoka chupani, je, inaweza kuokoa kikanda?

KOLWEZI – Kipande cha kikanda kinaliwa kwa dakika mbili. Mmea uliokitoa ulichukua miaka kukua katika dembo, na mara nyingi ukishang'olewa haurudi tena. Ndiyo sababu swali ambalo zamani lilikuwa la watu wa labo na wapenda maua wa Ulaya linaanza kutuhusu sisi pia, watu wa Lualaba: je, mtu anaweza kulea nyumbani, katika mtaa kama Kapata, miche ya okidi iliyozaliwa ndani ya chupa ya maabara?

Jibu fupi ni ndiyo kwa okidi za maua, na bado kwa okidi za kikanda. Jibu refu linafaa kusomwa mpaka mwisho, kwa sababu linagusa chakula chetu, mfuko wa wamama wachuuzi, na dembo ambazo migodi inazidi kuzisogelea.

Kikanda ni okidi

Huku Katanga ya zamani, watu wengi wanajua kikanda tangu utoto. Viazi vidogo vya porini vinakaushwa, vinatwangwa mpaka viwe unga, kisha unga ule unapikwa pamoja na unga wa karanga, chumvi, pilipili na bikarbonati ao maji ya majivu. Unakorogwa mpaka ushikane, unawekewa makala juu ya kifuniko, na mwishowe unakatwa vipande kama mkate. Kuna wanaokula na bukari, kuna wanaokula njiani bila kitu kingine. Kule ng'ambo ya Kasumbalesa, Wazambia wanakiita chikanda, na sura yake imefanya wengine wakiite polony ya Kiafrika, ingawa hakina nyama hata kidogo.

Wengi hawajui kwamba viazi hivyo ni vya okidi. Ni ndugu wa yale maua yanayopambwa katika hoteli kubwa, na ndugu wa vanili inayolimwa upande wa Beni na Butembo. Okidi za kikanda hazipandi juu ya miti. Zinakaa ardhini, katika majani ya dembo na katika nyasi za vilima. Wataalamu wa mimea wanaziita kwa majina ya Disa, Satyrium, Habenaria na mengine. Mwaka 2018, watafiti walichapisha uchunguzi wa viazi vilivyonunuliwa kwenye masoko ya Zambia. Kwa sababu kiazi kilichokauka hakionyeshi jina lake kwa macho, walisoma vinasaba vyake. Walipata aina 16 za okidi, kutoka makundi 6. Maana yake, anayechimba hachagui: aina ya kawaida na aina adimu zinaingia katika gunia moja.

Jambo la kuhuzunisha liko katika kiazi chenyewe. Ukichimbua mmea wa kikanda unakuta viazi viwili. Kimoja ni cha zamani, cheusi kidogo na chenye mikunjo, kwa sababu kimetumika kulisha majani na ua la mwaka huu. Cha pili ni kipya, kigumu na cheupe: hicho ndicho akiba ya mwaka ujao. Sokoni kinachotakiwa ni kile kipya. Ukikichukua, umechukua mmea wa kesho.

Tunajua mambo haya yanavyoweza kuishia, kwa sababu majirani wametangulia. Zambia ilipoanza kukosa viazi katika mapori yake, wachuuzi walitafuta nje: Tanzania, Malawi, Angola, na huku kwetu Kongo. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kati ya viazi milioni 2,2 na milioni 4,1 vilikuwa vinatoka kila mwaka kwenda Zambia. Miaka 2 baadaye, mwaka 2005, uwanda wa Kitulo, ambao watu wa huko wanauita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake, ulifanywa hifadhi ya taifa. Uturuki nao wana hadithi kama hiyo: kinywaji chao cha salepi na barafu yao maarufu vinatengenezwa kwa unga wa viazi vya okidi, na kilo moja ya unga ule inataka viazi zaidi ya elfu moja.

Kwa nini usipande mbegu tu?

Mkulima yeyote wa mahindi atauliza: kama viazi vinaisha, kwa nini watu wasipande mbegu? Hapo ndipo okidi inatofautiana na karibu mimea yote tunayoijua.

Punje ya hindi imebeba chakula chake. Ukiitupa kwenye udongo wenye maji, itaota kwa kula akiba ile mpaka ifikie jua. Mbegu ya okidi haina akiba. Ni ndogo kama vumbi, na tunda moja linaweza kuwa na mbegu maelfu kwa maelfu. Kwa aina fulani zinafika milioni. Upepo unazibeba mbali, lakini karibu zote zinakufa. Ile inayopona ni ile iliyoangukia mahali penye kuvu fulani wa ardhini, ndugu wa uyoga. Kuvu anaingia ndani ya mbegu, na mbegu inajilisha kwake. Bila kuvu, mbegu inabaki vumbi.

Siri hii iligunduliwa na Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899, baada ya kukuta miche ya okidi katika pori la Fontainebleau na kuona kuvu ndani yake. Mwaka 1922, Mmarekani Lewis Knudson wa chuo kikuu cha Cornell alionyesha njia ya pili: ukiweka mbegu juu ya jeli yenye sukari na chumvi za madini, ndani ya chupa isiyo na vijidudu vyovyote, mbegu inaota bila kuvu. Sukari imechukua nafasi ya kuvu. Tangu wakati ule, okidi zikawa za watu wote. Mamilioni ya maua yanayouzwa leo kutoka Thailand, Ulaya ao Afrika Kusini yameanza maisha ndani ya chupa za namna hiyo.

Wasomaji wetu wa Kivu wanaijua kazi hii kwa upande wa migomba. Miche ya vitroplant, ambayo wakulima walipewa kuchukua nafasi ya migomba iliyoharibiwa na ugonjwa wa mnyauko, inatoka katika labo kama hizo. Tofauti ni kwamba mgomba unazidishwa kwa kukata kipande chake, na okidi mara nyingi inaanza kwa mbegu.

Kazi ya labo ni ngumu kuifanya nyumbani. Tunda linaoshwa kwa maji ya javeli, linafunguliwa mahali penye hewa safi kabisa, na chupa zinachemshwa kwa mvuke wenye nguvu. Kijidudu kimoja kikiingia, kinakula sukari yote na kufunika miche. Lakini chupa ikishafungwa na miche ikiwa imeota, sehemu inayobaki inaweza kufanyika kwenye baraza ya nyumba. Haitaki umeme, na kwa sisi tunaoijua SNEL, jambo hilo si dogo.

Chupa inafika nyumbani: fanya hivi

Chagua wakati. Kolwezi iko juu, karibu mita 1.400 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba una baridi kali na hewa kavu. Huo si wakati wa kutoa miche chupani. Wakati mzuri ni mvua zinapokaa vizuri, kuanzia mwezi wa kumi na moja, hewa ikiwa na joto na unyevu.

Chupa ikifika, iache imefungwa siku kadhaa mahali penye mwanga lakini pasipo jua la moja kwa moja. Jua likipiga chupa iliyofungwa, ndani panachemka na miche inaiva kama mboga. Kuna hali moja tu ya kuifungua mara moja: ukiona ukungu mweupe ao mweusi juu ya jeli. Hapo usingojee, kwani ukungu hautasubiri.

Siku ya kutoa, chemsha maji na uyaache yabaki vuguvugu. Yamimine ndani ya chupa, tikisa pole pole mpaka jeli ilegee, kisha mimina kila kitu katika beseni safi. Kama mdomo wa chupa ni mwembamba na miche imekuwa mikubwa, zungushia chupa kitambaa kizito, uivunje kwa nyundo kidogo, na uondoe vigae kwa uangalifu. Watoto wakae mbali.

Osha mizizi mpaka jeli yote itoke. Usichoke katika hatua hii. Jeli ina sukari, na sukari ikibaki kwenye mizizi inaita kuvu wabaya. Mche mmoja mmoja upite mikononi mwako. Mizizi iliyooza ikatwe kwa mkasi uliopitishwa motoni. Panga miche kwa ukubwa: mikubwa pamoja, midogo pamoja.

Usipande katika udongo. Okidi za maua zinazopatikana kwa wingi, kama Phalaenopsis, na hata Ansellia africana, okidi ya madoadoa inayoota juu ya miti ya pori letu, zinataka mizizi ipate hewa. Makala tunayo. Vunja makala yawe ukubwa wa punje za maharagwe, uyaoshe mpaka vumbi liishe, uyachanganye na vipande vya magome makavu, kisha umwagie vyote maji ya moto na uache vipoe. Tumia makala mapya, yasiyowahi kuguswa na chumvi ao mafuta ya jikoni. Toboa matundu mengi chini ya chombo. Weka miche mingi katika chombo kimoja, imekaribiana. Ikiwa pamoja inashikilia unyevu kuliko ikiwa mmoja mmoja.

Sasa jambo linaloua miche mingi kuliko yote. Ndani ya chupa hewa imejaa unyevu, kwa hiyo majani hayajajenga ile nta inayozuia maji kupotea, na matundu yake madogo ya kupumulia hayajajifunza kujifunga. Ukiyatoa moja kwa moja kwenye hewa ya Kolwezi, yatanyauka kwa siku moja hata kama mizizi iko ndani ya maji. Kata bidoni ya plastiki inayopitisha mwanga, uifunike juu ya chombo kama nyumba ndogo. Juma la kwanza iache imefungwa karibu kabisa. Kisha toboa tundu, baada ya siku chache toboa lingine, na baada ya majuma matatu ao manne ondoa kifuniko pole pole, kwanza saa moja, halafu asubuhi nzima.

Mwanga uwe kama wa chini ya mti. Weka mkono juu ya miche: kivuli kikionekana kidogo na bila makali, mwanga unatosha. Kivuli kikiwa cheusi chenye makali, jua ni kali mno.

Kuhusu maji, ya mvua ndiyo bora, lakini mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe bati. Bati zetu zinabeba vumbi la barabara za malori, na vumbi hilo lina madini. Maji ya mito na mabwawa yaliyo karibu na mahali pa kuoshea mawe, kama ziwa Malo upande wa Kapata, usiyatumie. Nyunyiza asubuhi, ili usiku majani yawe makavu. Mbolea ingojee mpaka uone mzizi mpya wa kijani. Hapo tumia robo tu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, mara moja kwa juma.

Ujue pia kwamba miche mingine itakufa. Hata wenye ujuzi wa miaka wanapoteza baadhi yake katika miezi ya kwanza. Na subira inahitajika: Phalaenopsis inayotoka chupani itatoa ua la kwanza baada ya miaka miwili ao mitatu hivi. Aina nyingine zinachukua muda mrefu zaidi.

Kikanda kinataka zaidi

Mtu aliyefaulu kulea okidi za maua ataona kwamba za kikanda zina tabia nyingine. Kwanza, nyingi hazifurahii kuishi bila kuvu wao. Watafiti wa okidi za ardhini mara nyingi wanatumia chupa za namna ya pili: badala ya sukari nyingi, wanaweka jeli ya unga wa shayiri, na wanapanda mbegu pamoja na kuvu aliyetolewa katika mizizi ya okidi ya aina hiyo. Kwa hiyo anayetaka kuzalisha kikanda lazima atunze vitu viwili, mmea na kuvu.

Pili, kikanda kinalala. Kiangazi kikija, majani yanakauka na kupotea. Asiyejua atasema mche umekufa, ataumwaga. Kumbe kiazi kiko chini, kinangojea mvua. Mche uliotoka chupani lazima uwe umeshatengeneza kiazi kidogo kabla ya kiangazi cha kwanza, la sivyo hautaamka. Wakati wa kulala, mtu anaacha karibu kabisa kumwagilia, kwa sababu kiazi kilicholala ndani ya maji kinaoza.

Tatu, hesabu ya biashara bado haijakaa. Mmea mmoja unatoa kiazi kimoja kipya kwa mwaka, na unahitaji miaka kadhaa kabla haujawa mkubwa. Mihogo inamlipa mkulima mapema zaidi. Mpaka leo, kikanda kinachouzwa kwenye masoko kinatoka porini. Anayekwambia nunua chupa leo, vuna magunia mwaka kesho, anakudanganya.

Hata hivyo chupa zina kazi. Dembo iliyomalizwa haiwezi kujirudisha kama hakuna mmea wa kutoa mbegu. Miche mia chache, iliyolelewa vizuri na kurudishwa mahali penye kuvu wake, inaweza kutoa maua, na kila tunda linatoa mbegu elfu nyingi kwa upepo. Hapo chupa inaanzisha mbegu upya, na kulisha soko kunabaki kazi ya pori lililopona.

Mpaka, karatasi na sheria

Okidi zote duniani ziko chini ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na Kongo ni mwanachama tangu mwaka 1976. Kuvusha mmea wa okidi bila kibali ni kosa. Lakini kwa okidi nyingi mkataba umeacha mlango: miche iliyo bado ndani ya chupa iliyofungwa ya labo haihitaji kibali cha CITES, kwa sababu haikung'olewa porini. Mlango huo hauondoi sheria nyingine. Karatasi ya afya ya mimea bado inatakiwa, na huku kwetu huduma ya SQAV ndiyo inayoangalia mimea kwenye mpaka. Ukishatoa mche chupani, hesabu inabadilika: sasa ni mmea kama mingine. Anayenunua nje afungue chupa akiwa amefika nyumbani, si njiani.

Na yeyote asione habari hii kama ruhusa ya kwenda kung'oa okidi porini ili azilee barazani. Mmea wa ardhini uliohamishwa bila kuvu wake mara nyingi unafifia mwaka hata mwaka mpaka unakufa.

Nani atajenga labo ya Lualaba?

Kapata ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Gécamines, na leo familia nyingi za huko zinatafuta maisha kati ya migodi mikubwa, mawe ya kuosha na biashara ndogo ya soko. Kwa mama anayeuza kikanda, gunia la viazi likizidi kuwa ghali kwa sababu linatoka mbali, faida inapungua. Pori likiisha, kazi yake inaisha nalo. Yeye anapoteza kwanza kabla ya mtaalamu yeyote wa mimea.

Labo ya kuotesha mbegu za okidi si kiwanda. Inataka chumba safi, chombo cha kuchemshia kwa mvuke, chupa, mwanga, na watu waliofundishwa. Kolwezi ina chuo kikuu, Lubumbashi ina kitivo cha kilimo chenye historia ndefu. Profesa François Malaisse, aliyefanya kazi Lubumbashi miaka mingi, aliandika kitabu kizima kuhusu vyakula vya pori letu la miombo, kilichotoka mwaka 1997. Huko Fungurume, watafiti wa Lubumbashi na wa Gembloux, Ubelgiji, wamefanya kazi na mgodi kuokoa mimea ya vilima vya shaba. Ujuzi wa kuanzia upo.

Pesa nazo zina mahali pa kuulizwa. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inalazimu kampuni za migodi kutoa angalau 0,3% ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji wanaozunguka migodi. Watu wanaomba shule, visima, zahanati, na wana haki. Lakini pale ambapo mgodi umefunika dembo iliyokuwa inalisha watu, kuomba kwamba mbegu za dembo hiyo zihifadhiwe na kuoteshwa ni ombi la haki vilevile, na kwa bajeti ya mgodi ni dogo.

Tukiwa tunangojea, kuna la kufanya ambalo halitaki chupa wala franka. Wachimbaji wa viazi waache mimea midogo. Waache katika kila mahali mimea mikubwa michache mpaka matunda yake yakauke na kupasuka, kwani ndani ya vumbi lile ndimo kuna kikanda cha miaka inayokuja. Wanaonunua kwa jumla waanze kukataa viazi vidogo mno, maana soko ndilo linalomwambia mchimbaji achukue nini. Na kijana wa Kapata anayetaka kujaribu mikono yake aanze na chupa moja ya okidi za maua, mvua zikishakaa. Akifaulu kuvusha nusu ya miche yake mpaka kiangazi cha pili, atakuwa na ujuzi ambao labo ya Lualaba, siku itakapojengwa, itauhitaji.